Safari ndefu daraja la kawaida: ndege ya moja kwa moja au ya kuunganisha mara moja?

Mwana wa Mama

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu. Natarajia kusafiri na mama yangu mzazi, ambaye amevuka miaka 70 na anasumbuliwa na goti la kulia, kwenda mbali sana, na sote wawili tutakaa daraja la kawaida. Nimebaki na machaguo matatu, na kila ninapoyalinganisha nashindwa kuamua.

La kwanza ni ndege ya moja kwa moja inayoondoka saa nne usiku na kukaa angani saa 15 na nusu. La pili ni la shirika jingine, lenye kituo kimoja: saa 7 na robo angani, saa 2 na dakika 50 za kusubiri, kisha saa 9 nyingine angani, yote yakiwa kwenye tiketi moja, na nauli yake ni pungufu kwa karibu robo. La tatu ndilo la bei ya chini kuliko yote, lakini ni tiketi mbili za mashirika mawili tofauti ambazo tovuti ya kuuzia tiketi imeziunganisha yenyewe, na muda wa kubadilisha ndege ni saa 1 na dakika 40.

Ningependa kujua ni lipi litakalomchosha mama kwa kiasi kidogo zaidi, na ni lipi lenye hatari ndogo ya kutukwamisha njiani. Fedha nitakazookoa zina maana kwangu, kwa hiyo sitaki kulipia ndege ya moja kwa moja kwa mazoea tu. Nataka nielewe hasa ninalipia kitu gani.

Kiti cha Njiani

Ndugu, hongera kwa kumfikiria mama kwanza. Mimi nipo upande wa ndege ya moja kwa moja, na sababu yangu kubwa ni usingizi, ambao naona wengi huupigia hesabu isiyo sahihi. Mtu hutazama saa 15 na nusu akaona ni mateso, kisha hutazama saa 7 na robo akaona ni nafuu, akasahau kwamba baada ya hizo 7 kuna nyingine 9 zinazomsubiri.

Tuichukue ndege ya saa 7 na robo tuigawe vipande. Baada ya kupaa hupita karibu saa nzima kabla mikokoteni ya chakula haijafika safu za nyuma, na hupita muda mwingine kama huo kabla sinia hazijakusanywa na taa kupunguzwa. Halafu, saa moja na nusu hivi kabla ya kutua, taa huwashwa tena, chakula cha pili hugawiwa, migongo ya viti hunyooshwa na madirisha hufunguliwa. Katikati hapo panabaki kama saa 3 na nusu, na kwa mtu anayechelewa kushikwa na usingizi akiwa ameketi, zinageuka kuwa mbili. Anapoanza kuzama usingizini ndipo anaamshwa, anashuka, anasimama kwenye foleni ya ukaguzi, anatafuta lango jipya, anapanda tena, na mlolongo ule ule unaanza upya tangu mwanzo. Katika ndege ya saa 15 na nusu mlolongo huo upo mwanzoni na mwishoni tu. Katikati kuna saa 9 au zaidi za giza na utulivu, ambamo hata mtu asiyelala vizuri kitini hupata vipande viwili vitatu vya usingizi wa maana. Na kwa kuwa ndege yako inaondoka saa nne usiku, giza la ndani ya ndege litaukuta mwili wa mama ukiwa tayari unataka kulala. Kama ingekuwa inaondoka asubuhi ningesita zaidi kutoa ushauri huu.

Jambo la pili ni kwamba saa 2 na dakika 50 za kusubiri hazitakuwa za kupumzika. Toa muda wa ndege kutembea ardhini hadi mahali pa kuegesha, toa muda wa kusubiri safu za mbele zishuke, toa basi ikiwa ndege haikuegeshwa kwenye daraja la kushukia, toa ukaguzi wa usalama, kisha kumbuka kwamba abiria wa safari za mbali huanza kuitwa langoni karibu saa moja kabla ya kuondoka. Ukimwombea mama kiti cha magurudumu, jambo ambalo nakushauri ulifanye kwa vyovyote vile, fahamu kwamba abiria wa viti vya magurudumu hupandishwa wa kwanza lakini hushushwa wa mwisho. Mara nyingi nimewaona wazee wakiwa wamebaki peke yao ndani ya ndege tupu, mikoba ikiwa mapajani, wasafishaji wakipita kati ya safu, wakimngoja msukumaji ambaye bado yuko kwenye ndege nyingine. Unapofika mwisho wa safari, kungoja huko ni usumbufu tu. Unapokuwa na ndege nyingine ya kuwahi, ni wasiwasi mkubwa.

Dawati la Tiketi

Ninafanya kazi ya kuuza tiketi, kwa hiyo nitajikita kwenye hatari ya kukwama, na suala la uchovu nitawaachia wengine.

Naomba nianze na chaguo la tatu, kwa sababu nakushauri uliondoe mezani leo hii. Tiketi mbili za mashirika yasiyo na mapatano ni safari mbili zisizojuana. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina taarifa kwamba unakuja. Litakuandika kuwa hukutokea na tiketi itapotea. Mizigo nayo kwa kawaida haitavushwa: mtalazimika kuingia nchi hiyo ya katikati kama wageni wanaoitembelea, pamoja na viza yake iwapo pasi zenu za kusafiria zinahitaji, kungoja mabegi kwenye mkanda, kupanda juu tena hadi ukumbi wa kuondokea na kupanga foleni kwenye kaunta, ambayo kwa safari za mbali mara nyingi hufungwa saa moja kabla ya ndege kuondoka. Kati ya saa 1 na dakika 40 ulizotaja, mnabakiwa na dakika 40 za kuyafanya hayo yote, mkiwa na mtu mwenye goti bovu. Baadhi ya tovuti hutoa dhamana yao wenyewe kwa safari walizoziunganisha, lakini hiyo ni ahadi ya muuzaji. Mfanyakazi utakayemkuta kaunta saa nane usiku hafungwi nayo.

Chaguo la pili ni jambo jingine kabisa. Tiketi ikiwa moja, shirika limekubali kukufikisha mwisho wa safari, na ukikosa ndege ya pili kwa sababu ya ya kwanza kuchelewa, ni wajibu wake kukupangia nyingine bila malipo. Kila uwanja mkubwa una muda wa chini kabisa wa kuunganisha ndege uliowekwa rasmi, na mifumo ya kuuzia tiketi haiuzi safari moja yenye muda pungufu ya huo. Tatizo ni kwamba muda huo umepimwa kwa abiria mwepesi na kwa ndege iliyofika kwa wakati. Saa 2 na dakika 50 zinatosha katika viwanja vingi vya kuunganishia. Ungeniambia saa 1 na robo, ningekukataza hata kwa tiketi moja.

Sasa nije kwenye swali ambalo wateja wengi huwa hawaniulizi, na kwa maoni yangu linazidi yote: ndege ya pili huondoka mara ngapi kwa siku? Kama shirika hilo lina ndege tatu kwa siku kwenda mnakokwenda, kuikosa moja ni kungoja saa chache. Kama lina moja tu, kuikosa ni kulala njiani, na kama ndege ya kesho imejaa, ni kulala zaidi ya hapo. Swali hilo hilo liulize kwa ndege ya moja kwa moja, kwa sababu watu hudhani kuwa isiyosimama njiani haina namna ya kukwamisha. Ndege inayoruka mara tatu kwa wiki ikifutwa kwa ubovu wa mashine, shirika lazima likutafutie njia kupitia kwingine, na huko abiria wote wa ndege nzima wanagombea viti vile vile vilivyobaki. Shirika lenye kituo kikubwa cha kuunganishia lina njia nyingi zaidi za kukuokoa. Kwa hiyo naiheshimu ndege ya moja kwa moja, lakini naiheshimu zaidi inapoondoka kila siku.

Angalia pia sheria za maeneo mtakayopita. Kanuni namba 261 ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 inazihusu ndege zote zinazoondoka kwenye nchi za Umoja huo, na pia zinazoingia huko iwapo shirika ni la huko. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2013 kwamba kwa safari za kuunganisha zilizo kwenye tiketi moja, kinachohesabiwa ni kuchelewa kufika mwisho wa safari. Maana yake ni kwamba ndege ya kwanza ikichelewa dakika 50 tu, ukaikosa ya pili na ukafika saa 8 baadaye, unaweza kudai fidia ya hadi euro 600 kwa safari inayozidi kilomita 3,500, isipokuwa kama sababu ilikuwa nje ya uwezo wa shirika, mfano hali mbaya ya hewa.

Kuhusu viza ya mpito, usikisie. Nchi za Schengen (zile za Ulaya zenye viza ya pamoja) na Uingereza huwataka raia wa baadhi ya mataifa wawe na viza hata kama hawatoki nje ya eneo la kuunganishia. Marekani hakuna ukumbi wa mpito kwa maana tunayoizoea kwingine: kila abiria hupitia uhamiaji kwenye uwanja wa kwanza anaotua, hata kama anakwenda nchi nyingine, na kwa kawaida huchukua begi lake na kulikabidhi tena. Kituo kikiwa huko, ile robo ya nauli unayookoa inaweza kuliwa na ada ya viza peke yake.

Mwisho ni mabegi. Uhamishaji kati ya ndege na ndege ndipo mabegi mengi yanapochelewa. Mtakapokabidhi yenu, kabla hamjaondoka kaunta, tazameni kitambulisho cha karatasi kinachofungwa mpinini: herufi tatu kubwa lazima ziwe za uwanja wa mwisho wa safari, na uwanja wa kati uwe umeandikwa kwa herufi ndogo zaidi. Begi lisipotokea, toeni taarifa kabla ya kutoka ukumbini. Mkataba wa Montreal wa 1999 unakupa siku 7 za kulalamika kwa maandishi kuhusu begi lililoharibika, na siku 21, kuanzia siku unapokabidhiwa, kuhusu lililochelewa. Dawa za mama zisiingie kwenye begi la chini hata kidonge kimoja, iwe ni ndege ya moja kwa moja au ya kuunganisha.

Pepo za Kusi

Nimewasoma wote na nakubaliana na mengi, lakini naona Kiti cha Njiani amezungumza kana kwamba kiti ni kile kile katika ndege zote mbili. Sivyo. Boeing 777 nyingi siku hizi zimepangwa viti 10 kwa safu, vitatu, vinne, vitatu, na upana wa kila kimoja ni kama inchi 17. Airbus A350 katika mashirika mengi ina viti 9 kwa safu na upana wa karibu inchi 18. Boeing 787 nayo ina 9 kwa safu, lakini mwili wake ni mwembamba kuliko wa A350, hivyo viti vyake hukaribia inchi 17. Inchi moja inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kwa saa 15 na nusu ndiyo inayoamua kama bega la mama litakuwa limebanwa na la jirani usiku kucha au la. Ulizia aina ya ndege kabla ya kulinganisha saa.

Naomba pia mlitazame hili kwa makini. Ndege ya kawaida ya abiria inayokwenda mbali kuliko zote, ile ya kutoka Singapore hadi New York inayokaribia kilomita 15,300 na kuchukua zaidi ya saa 18, hutumia A350 zilizotengenezwa maalumu kwa safari hizo, na ndani yake hakuna daraja la kawaida kabisa. Kuna viti 67 vya daraja la biashara na 94 vya daraja la kati linalozidi la kawaida, basi. Moja ya sababu ni uzito, kwa kuwa ndege ya masafa hayo hubeba mafuta mengi mno na sehemu ya mafuta hayo huungua kwa kazi ya kuyabeba mafuta mengine. Kwa hiyo ni bora kubeba watu wachache wanaolipa zaidi. Kwa upande mwingine, safari ya Perth, Australia, hadi London, iliyoanza Machi 2018, ina urefu wa takriban kilomita 14,500 na huchukua kama saa 17, na daraja la kawaida lipo, na watu wanasafiri. Kwa hiyo mwili unaweza. Lakini saa 15 na nusu ziko karibu na ukingo wa kile ambacho kiti cha daraja la kawaida kinafaa kwa mzee, na nauli ya juu unayotozwa inatokana na kuokoa muda. Haikupi nafasi zaidi ya miguu.

Kituo chako cha katikati kimekaa pazuri. Saa 7 na robo kwa saa 9 ni mgawanyo mzuri kabisa. Tunapolaumu ndege za kuunganisha, mara nyingi tunakumbuka zile za saa 2 kisha saa 13, ambazo zinakupa usumbufu wote wa kubadilisha ndege bila kukupunguzia ule mrefu. Na ile robo ya nauli, usiihesabu kama akiba tu. Sehemu yake inaweza kulipia viti vyenye nafasi zaidi ya miguu kwa ajili ya mama, au kumlipia chumba cha kupumzikia uwanjani, ambako atanawa uso, atabadilisha nguo na kunyoosha goti kwa saa nzima. Yapo pia mashirika yanayoruhusu kituo cha hadi saa 24 bila nauli kubadilika, kwa kuwa kwa safari za kimataifa muda huo bado huhesabiwa kuwa ni kuunganisha. Mama angelala kitandani usiku mmoja.

Muuguzi

Naongezea upande wa afya, kwa sababu naona suala la damu kuganda miguuni halijaguswa na ndilo ambalo huwa naulizwa zaidi.

Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wake mwaka 2007, na yalionyesha kwamba hatari ya damu kuganda kwenye mishipa huongezeka karibu mara mbili baada ya safari ya saa 4 au zaidi ambayo mtu ameketi bila kusogea, iwe kwa ndege, kwa basi au kwa treni. Kwa watu wenye afya njema, hatari yenyewe ilikadiriwa kuwa kama mtu 1 kwa kila 6,000. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba safari kadhaa zilizofuatana kwa muda mfupi nazo huongeza hatari, kwa sababu athari yake haiishi mara tu unaposimama. Kwa hiyo kituo cha katikati hakiifuti athari ya saa 7 zilizopita. Kinachosaidia ni misuli ya shavu la mguu kufanya kazi, na hiyo inaweza kufanya kazi angani au ardhini.

Kwa mama, swali langu la kwanza lingekuwa hili: je, anaweza kuinuka mwenyewe kitini, akashika migongo ya viti na kutembea hadi nyuma ya ndege na kurudi? Kama anaweza, na kama hataona aibu kufanya hivyo kila baada ya saa moja na nusu hivi akiwa macho, basi ndege ya moja kwa moja haimdhuru kuliko ile nyingine. Kama hainuki bila kuinuliwa, ataketi saa 15 na nusu bila kutikisika, na hapo kituo kitakuwa na manufaa ya kweli, mradi usimsukume kwenye kiti cha magurudumu kutoka lango hadi lango, kwa maana hapo atakuwa ameketi tena. Mwache atembee kadiri anavyoweza, kiti kikifuata nyuma.

Hewa ya ndani ya ndege ni kavu, unyevu wake mara nyingi ukiwa chini ya asilimia 20, na wazee wengi hukataa kunywa maji ili wasiende chooni. Msiruhusu hilo, safari ya kwenda chooni ndiyo mazoezi yenyewe. Shinikizo la hewa nalo katika ndege nyingi huweza kushuka hadi kulingana na lile la mlima wa mita 2,400, ilhali 787 na A350 zimeundwa zibaki karibu na mita 1,800. Kwa mtu mwenye moyo au mapafu mazima tofauti hiyo ni ndogo, lakini kama mama ana shida ya kupumua, au ametoka kufanyiwa upasuaji hivi karibuni, au aliwahi kuganda damu, amwone daktari wake kabla hamjalipa. Soksi za kubana zinazofika chini ya goti hupunguza uvimbe na damu kuganda kusikokuwa na dalili, lakini zipimwe mguuni kwanza, kwa maana zikibana mahali pasipostahili zinadhuru.

Dawati la Tiketi

Nimekumbuka jambo moja. Hakikisheni kwamba inayouzwa kuwa ni ndege moja kweli haitui njiani, kwa sababu namba moja ya safari si ushahidi. Safari ya QF1 kutoka Sydney hadi London ni namba moja mwanzo hadi mwisho, na bado hutua Singapore. Tazama sehemu ya ratiba inayoonyesha idadi ya vituo. Na muda wa safari usiuchukue kwenye makala za zamani: tangu anga ya Urusi ilipofungwa kwa mashirika mengi mwaka 2022, Helsinki hadi Tokyo, ambayo ilikuwa kama saa 9 na nusu, imekuwa karibu saa 13.

Mwana wa Mama

Nawashukuru sana nyote. Chaguo la tatu nimelifuta. Nimefuatilia mliyoyataja, na hali ni hii: ndege ya moja kwa moja huruka mara nne kwa wiki na ni 777 ya viti 10 kwa safu. Safari ya kuunganisha ni A350 zote mbili, na ndege ya pili huondoka mara mbili kwa siku. Viza ya mpito hatuihitaji. Mama anainuka mwenyewe, ila polepole, na akisimama muda mrefu goti huanza kuuma.

Naelekea kuchukua ya kuunganisha, japokuwa maneno ya Kiti cha Njiani kuhusu usingizi yamenigusa. Nauliza jambo la mwisho: je, nimkalishe safu ya mbele kabisa inayotazamana na ukuta, ili apate nafasi ya kunyoosha mguu?

Kiti cha Njiani

Kwa maelezo hayo, mimi pia ningechukua ya kuunganisha. Ndege nne kwa wiki na viti 10 kwa safu vimenibadilisha mawazo; usingizi mrefu una faida pale mwili unapoweza kutulia, na mtu aliyebanwa mabega hatulii. Omba kiti cha magurudumu kwa viwanja vyote vitatu angalau saa 48 kabla, na baadaye, kabla hamjaondoka, piga simu tena kuhakikisha kwamba ombi limeonekana kwenye vipande vyote viwili vya safari.

Safu ya ukutani siipendi kwa goti. Ukuta wenyewe mara nyingi uko karibu kiasi kwamba mguu hauwezi kunyooka hadi mwisho, ilhali katika safu za kawaida unyayo unaingia chini ya kiti cha mbele. Meza imo ndani ya mkono wa kiti, kwa hiyo mkono huo haupandi juu na mama hataweza kujigeuza. Mikoba yote lazima iwekwe juu wakati wa kupaa na kutua, hata ule wenye dawa. Hapo pia ndipo vitanda vya watoto wachanga hufungwa ukutani. Safu ya mlango wa dharura nayo hamtaruhusiwa, kwa sababu anayekaa hapo lazima aweze kusaidia kufungua mlango.

Kwa goti la kulia, tafuteni kiti ambacho njia ipo mkono wa kulia wa anayekikalia. Katika ndege ya safu tatu-tatu-tatu viko viwili vya namna hiyo: cha mwisho katika kundi la kushoto, na cha mwisho kulia katika kundi la katikati. Chukueni cha katikati. Mama akae hapo kando ya njia, na wewe ukae kiti cha kati karibu naye. Abiria wa tatu atakuwa na njia yake upande wa pili, kwa hiyo hatakuwa na haja ya kumwinua mama usiku ili apite, na wewe ukitaka kutoka mama akiwa amelala unaweza kupitia kwa huyo mwingine. Katika kundi la kushoto, mgeni wa dirishani angelazimika kuwavuka nyote wawili kila anapokwenda chooni. Mkokoteni ukikaribia, mwambie mama arudishe mguu ndani, kwa maana mhudumu anayeusukuma haoni kilicho mbele yake sakafuni.